Igombe, Mwanza: kikundi chetu cha dagaa kinataka ruzuku ya chanja, tuanzie wapi?

Katibu wa Igombe

Mwangaluka wana jukwaa.

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wakausha dagaa hapa mwalo wa Igombe, Ilemela, pale mitumbwi inaposhushia samaki. Tupo 23. Tulianza kwa kupeana kila wiki, tukahamia kwenye hisa, na sasa tuna katiba, tuna cheti cha kikundi kutoka halmashauri, na akaunti ya benki yenye watia saini watatu (mmoja amehamia kwa mwanae Geita, lakini hilo ni shauri lingine). Salio la leo asubuhi ni 1,870,000.

Shida yetu ni chanja, yaani vile vitanda vya miti na neti vya kuanikia. Wengi wetu bado tunaanika mchangani. Siku za jua kali hakuna neno. Balaa ni miezi ya mvua. Umetandaza ndoo kumi na tano, saa tisa mchana wingu linatokea upande wa Ukerewe, na kabla hujamaliza kuita watoto mvua imeshafika. Unazoa kwa fagio na mikono, dagaa wamelowa, mchanga umo, kesho yake wanatoa harufu. Hao ndio wanaoishia kwenye chakula cha kuku, na mnunuzi wa chakula cha kuku anakupangia bei yake huku anaangalia saa. Dagaa wa chanjani ni mwingine kabisa. Mnunuzi wa Kirumba Mwaloni akija anachota kiganja, anafikicha, anapuliza. Mchanga ukibaki kiganjani ameshakushusha bei kabla hujafungua mdomo.

Mwaka jana tukasema tutafute mfadhili. Akatokea kijana mmoja nadhifu, ana kompyuta mpakato, akajitambulisha kuwa mtaalamu wa maandiko ya miradi. Tukachanga 350,000. Akatuletea andiko la kurasa 34 za Kiingereza kitupu, limefungwa vizuri na jalada la plastiki. Tulipiga nalo picha ya kikundi, sitanii. Tukalituma alikotuelekeza. Kimya.

Mwezi wa sita akaja kututembelea mke wa kaka yangu, mwalimu wa sekondari, nikampa alisome. Alipofika ukurasa wa 6 akaanza kucheka peke yake. "Wifi, nyie hapa mna mikoko?" Andiko linasema kikundi chetu kitapanda hekta 12 za mikoko kuzuia maji ya chumvi yasiingie mashambani. Maji ya chumvi, Igombe! Alinakili la watu wa pwani ya bahari, akabandika jina letu. Na hata kubandika hakumaliza, maana ukurasa wa 19 tunaitwa kikundi cha wafuga nyuki.

Juzi tena imeingia barua pepe: mmechaguliwa kupata dola 80,000, tumeni dola 150 za kufungulia faili. Mwenyekiti anataka tutume. Nimemzuia, ila sina cha kumpa badala yake.

Naomba wanaojua wanisaidie. Nani anatoa ruzuku kwa watu kama sisi? Cheti cha halmashauri kinatosha? Na lazima iwe Kiingereza? Tunataka chanja 40 na stoo.

Fundi Karabai, Kayenze

Dada katibu pole sana, lakini hiyo mikoko imenimaliza. Nimewasomea wenzangu hapa kijiweni wameomba uliweke andiko zima.

Dola 150 msitume. Mfadhili anayetoa elfu themanini anashindwaje kukata 150 zake humohumo?

Kama haja yenu ni chanja tu, kwa nini msiende kwenye mkopo wa asilimia 10? Upo kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kifungu cha 37A: halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Hauna riba. Ulisimamishwa Aprili 2023, ukarudishwa 2024. Sisi vijana wa taa za kuvulia dagaa usiku tuliuchukua kabla haujasimamishwa, tukaachana na karabai za mafuta tukanunua taa za sola, na tumemaliza kurejesha. Jina la fundi karabai limebaki la heshima tu.

Tahadhari yangu ni hii: marejesho hayajui mbalamwezi. Mwezi ukiwaka mitumbwi inalala, dagaa hakuna, na tarehe ya rejesho iko palepale.

Mama Hazina, Nansio

Mdogo wangu katibu, nimekusoma nikiwa kwenye meli natoka Mwanza, nikasubiri nifike nyumbani nivue viatu ndipo nikujibu. Nilikuwa mweka hazina wa kikundi miaka tisa huku Ukerewe. Kwa hiyo nitasema ya hazina. Ya Kiingereza kizuri watasema wengine.

Kijana wa Kayenze kasema vyema juu ya mkopo, ila wewe umeuliza ruzuku, na ruzuku ina swali lake la kwanza ambalo hakuna atakayekuandikia kwenye tangazo. Mwisho wa mwaka mnagawana? Najua mnagawana, na sisi tuligawana, mafuta ya kupikia na mchele wa Krismasi tulivipata humo. Hakuna ubaya. Lakini mfadhili akiona kikundi kinagawana faida, anaona biashara ya watu 23. Atajiuliza kwa nini awanunulie nyinyi chanja, asimnunulie mama wa 24 anayeanika pembeni yenu naye hana kikundi. Maombi mengi ya akina mama yanafia hapo, na hawaambiwi. Wanajibiwa kwamba waombaji walikuwa wengi.

Kwa hiyo mimi ningekuwa wewe nisingeomba chanja za kikundi. Ningeomba chanja za mwalo. Kikundi kinakuwa mlinzi wake: mama yeyote wa Igombe anaanika, analipa kitu kidogo kwa ndoo, hela hiyo inaingia kwenye daftari lake peke yake, inanunua neti zikichanika na nguzo zikioza. Hisa zenu ziacheni zilivyo, sanduku lenu, mgawanyo wenu. Msichanganye tu. Daftari mbili, na ikiwezekana akaunti mbili.

Mtabishana, najua. Kuna mama atasema "tumehangaika sisi waje waanike wao?" Mjibuni taratibu.

La pili ni pale zitakaposimama. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni mwa ziwa. Chanja za miti unazoweza kung'oa zinaweza kujadiliwa na afisa mazingira. Stoo ya matofali usiiweke kabisa kwenye eneo hilo. Hata bila sheria, mmesahau 2020? Ziwa lilipanda kuliko watu walivyowahi kuona tangu miaka ya sitini, na huku kwetu tulipita kwa mtumbwi mahali tulipokuwa tunaanikia. Mkipata hela mkaziweka majini mtachekwa kuliko wa mikoko. Tafuteni muhtasari wa kikao cha serikali ya mtaa unaosema eneo lipo na limekubaliwa, barua ya BMU (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi) ya mwalo wenu, na neno la afisa mazingira kwa maandishi. Karatasi hizo tatu zina nguvu kuliko kurasa 34.

La tatu ndilo langu, na hapa nitakaa.

Ruzuku yetu ya kwanza ilikuwa milioni 9 na ushee, ya choo cha mwaloni na tangi la maji. Aliyetoa simtaji. Choo kilijengwa, kipo mpaka leo, mlango mmoja tu ndio umeng'oka. Saruji mifuko 46 tulinunua dukani hapa Nansio, risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, ikatoka, safi. Kutoka hapa kwenda mwaloni kwetu njia nzuri ni mtumbwi. Mwenye mtumbwi akabeba safari nne, tukampa hela mkononi, akashukuru, akaenda zake kuvua. Mawe waliponda na kuleta vijana kwa mkokoteni. Mama mmoja akawapikia mafundi siku 11. Wote tuliwalipa, na hakuna aliyedai.

Akaja mkaguzi. Binti mdogo, mpole, ana kalamu ya kijani. Kila hati ya malipo aliyoiona na risiti yake nyuma, anaweka alama ya vyema. Saruji, alama. Mabati, alama. Tangi, alama. Mimi nimekaa mkabala naye kifua mbele. Akafika kwenye mtumbwi, mawe na chakula, akainua macho: "Mama, hii 640,000 iko wapi?" Nikamshika mkono nikampeleka kwenye choo. Akakizunguka, akafungua milango yote, akasema, "Choo nimekiona, mama. Naomba karatasi."

Sikuwa nayo. Mwenye mtumbwi alikuwa kambini visiwani. Vijana wa mawe wawili walishahama. Tulirudisha 640,000 kwenye akaunti ya mradi kutoka mfukoni mwetu, na mimi niliuza mbuzi wawili. Mume wangu hakusema neno. Bora angesema.

Wiki ileile nikanunua kaunta buku nene na kidau cha wino wa muhuri. Nikachora mistari kwa rula: tarehe, jina, kazi aliyofanya, kiasi, namba ya simu, sahihi. Asiyeandika anabonyeza dole gumba, na shahidi anasaini pembeni. Kitabu kile kina alama za vidole vya wavuvi vyenye magamba ya samaki, ukikifungua kinanuka mwalo mpaka leo. Wa mtumbwi na mikokoteni tukaanza kuwalipa kwa simu, maana ujumbe wa muamala una jina, saa na kiasi, unauchapisha unaubana nyuma ya hati. Ruzuku ya pili ilikuja bila mimi kuifuata mbali. Binti wa kalamu ya kijani ndiye aliyetutaja kwa wenzake.

Kabla ya kusaini mkataba wowote muulizeni mfadhili kwa maandishi: mtumbwi hauna mashine ya EFD, mama lishe hana, mnakubali hati yenye sahihi mpaka kiasi gani? Akijibu, jibu lake libaneni kwenye faili. Wengi wanakubali kwa malipo madogo. Wanachokataa ni kuambiwa baada ya hela kuisha.

Na huyo mtia saini wa Geita, unasema ni shauri lingine. Ndilo shauri lenyewe hilo. Hela ikiingia Jumatatu na mwenye saini yuko Geita, fundi atalipwaje? Mtaanza kukopeshana, na hapo hesabu imeshapinda. Fanyeni kikao, andikeni muhtasari, mbadilisheni benki kabla hamjaandika hata mstari wa andiko.

Halafu niambie: 40 imetoka wapi?

Mdau wa Nyakato

Nafanya kazi kwenye asasi ndogo hapa mjini. Mama Hazina kamaliza ya ndani, mimi niongeze ya milango.

Cheti cha kikundi cha halmashauri kinafungua mkopo wa asilimia 10 na baadhi ya ruzuku ndogo. Wafadhili wengi wanataka asasi iliyosajiliwa chini ya Sheria ya NGO ya 2002. Si lazima muwe wa kitaifa, usajili wa ngazi ya wilaya upo, na maafisa maendeleo ya jamii ndio wasajili wasaidizi. Lakini msikimbilie. Ukisajiliwa una taarifa ya kila mwaka na ada ya kila mwaka, na mkipata ufadhili unaozidi shilingi milioni 20, kanuni za 2018 zinataka mkataba ufikishwe kwa Msajili ndani ya siku 10. Nimeona vikundi vinasajiliwa kwa shangwe, mwaka wa tatu vinadaiwa taarifa na hakuna anayekumbuka neno la siri la mfumo. Njia nyepesi ni kutafuta asasi iliyokwisha kusajiliwa iwabebe, mkataba uwe kwa jina lake na kazi iwe yenu, kwa makubaliano ya maandishi kuhusu nani anashika nini. Hapo nako chagueni kwa macho mawili.

Kwa chanja zenu ningeanza na Programu ya Ruzuku Ndogo ya GEF (mfuko wa mazingira wa dunia), wenyewe wanaiita SGP, inayopitia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Ipo duniani tangu 1992. Inalenga vikundi vya jamii na mambo ya mazingira: viumbe hai, tabianchi, ardhi, maji yanayovuka mipaka, kemikali. Ruzuku ya kawaida kwa miaka mingi ilikuwa na ukomo wa dola 50,000, lakini mtu wa mara ya kwanza asiombe huko juu. Maombi yanaamuliwa na kamati ya kitaifa ambayo wengi wake si wa serikali. Kwa desturi ya programu hiyo andiko kwa lugha ya wenyeji si mwiko, hata la video limewahi kupokelewa katika nchi mbalimbali. Sasa hapo mjipange, kwa sababu ukisema "tunataka bei nzuri" umekosea mlango. Ukisema dagaa wanaooza mchangani ni samaki waliovuliwa bure kutoka ziwa linalogawanywa na nchi tatu, na kuni za kuwakaushia mvua ikinyesha zinakata miti ya vilimani, hapo mmeelewana. Na ni kweli, si kudanganya.

Ubalozi wa Japani una mpango wa misaada midogo kwa jamii. Unalipia majengo na vifaa. Mishahara na gharama za kuendesha hauzigusi. Halmashauri yenyewe inaweza kuwa mwombaji, kwa hiyo stoo ya mwalo mngeweza kuisukuma kupitia Buswelu, makao ya halmashauri yenu, badala ya kuibeba wenyewe. Foundation for Civil Society hutoa kwa asasi za kiraia zilizosajiliwa, subirini matangazo yao. Women Fund Tanzania huangalia vikundi na asasi za wanawake, lakini wao watauliza zaidi juu ya haki na sauti ya mwanamke pale mwaloni kuliko neti. Rotary ipo hapa Mwanza, ila ruzuku zao za kimataifa zinaanzia bajeti ya dola 30,000 na zinataka klabu mwenza ya nje, kwa hiyo kwenu sasa hivi ni kubwa.

Mlango wa Wamarekani msiupotezee muda. Misaada ilisitishwa Januari 2025 na USAID ikafungwa Julai mwaka huohuo. Ndiyo maana asasi kubwa zilizokuwa haziangalii ruzuku za milioni kumi leo mnakutana nazo kwenye foleni moja. Wana waandishi wa kulipwa. Nyinyi mna mwalo. Andikeni mwalo.

Katibu wa Igombe

Wabeja sana wote. Mama Hazina, shikamoo.

Swali lako la 40 limenikalisha. Nimeuliza wenzangu, hakuna anayejua. Mwenyekiti anasema alisema mweka hazina, mweka hazina anasema ilikuwa kwenye andiko la mikoko. Nimeangalia, kweli, ukurasa wa 22: mizinga 40.

Kwa hiyo jana nimeshuka mwaloni na futi kamba. Chanja ya mama mmoja hapa ina urefu wa mita 10 na upana mita moja na nusu. Tulitandaza ndoo za lita 20 tukihesabu. Ndoo tatu imejaa, ya nne wanapandana na hawakauki chini. Ni siku za giza sasa, mbalamwezi hakuna, mitumbwi yote inaingia, basi nimekaa kuanzia alfajiri nikihesabu ndoo zinazomwagwa mchangani, za wanakikundi na za wasio wanakikundi. Mmoja akaniuliza kama nimekuwa mtu wa ushuru.

Ubishi uliousema umetokea. Mama mmoja, mkubwa wetu kwa umri, kasema kama chanja ni za kila mtu basi kila mtu na aende akasaini kwa mtendaji. Nikamwambia atakuwa msimamizi wa zamu na kitabu cha ndoo kitakuwa chake. Kanyamaza, halafu kaniuliza kitabu hicho kina jalada gumu au laini.

Ila nina wasiwasi. Tukitoza kwa ndoo si tutaonekana tunafanya biashara palepale?

Mama Hazina, Nansio

Marahaba mwanangu. Jalada gumu.

Kutoza si tatizo, tatizo ni inakokwenda. Andikeni kwenye sheria ndogo za kikundi kwamba hela ya ndoo ni ya matengenezo na haigawanywi, na muhtasari wa kikao kilichopitisha hilo usainiwe na wote. Mfadhili anapenda hata kuliko mnavyodhani, kwa sababu swali lake la mwisho ni lilelile siku zote: nikiondoka, neti ikichanika nani atanunua? Mkimwonyesha kitabu cha ndoo cha miezi mitatu kwenye zile chanja chache zilizopo sasa, kabla hata hajatoa senti, mmemjibu bila Kiingereza.

Bajeti iandikeni kwa chanja moja kwanza. Nguzo ngapi na bei ya mwalo, fito, neti mita ngapi, misumari, fundi siku ngapi. Halafu zidisheni. Msiandike "vifaa vya ujenzi" mkaweka milioni. Nendeni maduka matatu mpewe bei kwa maandishi yenye mhuri. Mnachotoa wenyewe nacho kiwekeeni bei: nguvu kazi ya kuchimba mashimo, mchanga, mawe, mlinzi wa usiku, na sehemu ya hiyo milioni moja na laki nane. Wekeni pia makato ya benki. Sisi tulisahau, mwisho wa mradi tulipungukiwa 38,000 na ikabidi tuzitafute kwa kuuza maandazi.

Nimecheka mizinga.

Fundi Karabai, Kayenze

Kwa hiyo nyuki mlikuwa mnawaanika mchangani? Dada, ukimaliza kuhesabu ndoo njoo na Kayenze, hapa nako hakuna anayejua.

Katibu wa Igombe

Narudi na majibu, maana tulikaa juzi mbalamwezi ilipokuwa juu na watu wote walikuwepo.

Siku tatu za giza nilizohesabu, nyingi kabisa ilikuwa ndoo 84 mchangani kwa siku moja. Kwa ndoo tatu kila chanja, ni chanja 28. Si 40. Stoo tumeitoa, tutamwandikia afisa maendeleo wa kata aipeleke halmashauri kama alivyosema mdau wa Nyakato. Eneo tumeonyeshwa na mwenyekiti wa mtaa, tumepima mita 60 kwa kamba kutoka majini, tukaongeza hatua ishirini kwa ajili ya 2020. Afisa mazingira kasema atakuja Alhamisi.

Mwenyekiti kaifuta ile barua pepe mbele yetu. Kaniuliza kama anaweza kuwajibu matusi, nikamwambia aache.

Na mtia saini wetu wa Geita alikuja mwenyewe. Siku hizi kwa daraja la Busisi unatoka kule asubuhi na jioni umerudi. Amesaini kujitoa, tukaenda naye benki, wakatuambia tumesahau picha mbili za pasipoti za mtia saini mpya. Tunarudi kesho.